Fundi Ajibu: Kushindilia maganda ya shaba kwa baruti nyeusi

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu baruti nyeusi, nikadhani nimemaliza. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilizopata mwaka mzima kuhusu mashine za kerezo, kwa hiyo leo safu yote naiachia mada hii.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi kerezo, na huu ni mwaka wangu wa 21 hapa Ohio. Babu yangu kule Handeni alilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori kwa gobore lenye kibali, na mimi ndiye niliyembebea pembe ya baruti na mfuko wa gololi. Nilipohamia huku, jirani yangu mmoja, mzee wa Kimarekani, aliponiona nimesimama kutazama bunduki yake ya zamani, aliniita gerejini kwake. Huko ndiko nilikojifunza kujaza maganda ya shaba, yale makasha yanayobeba baruti na risasi. Mzee yule hayupo tena duniani, lakini kijiko chake cha kupimia ninacho mpaka leo.

*Shikamoo Fundi. Nimenunua shotigani kuukuu ya mitutu miwili, yenye nyundo za nje. Aliyeniuzia kaniambia nisitie humo risasi za dukani hata siku moja, nitumie baruti nyeusi kwenye maganda ya shaba. Sijawahi kushindilia chochote. Nianzie wapi? — Msomaji, St. Cloud, Minnesota*

Marahaba, mwanangu. Aliyekuuzia ni mtu mwema, mshukuru.

Anzia kwenye bunduki, baruti baadaye. Ipeleke kwa fundi bunduki anayezijua za zamani, umwambie apime unene wa kuta za mitutu, achungulie vishimo vya kutu ndani, atazame kama mitutu bado inabana vizuri inapofungwa, na apime urefu wa chemba, pale ganda linapokaa. Chemba nyingi za zamani ni fupi kuliko za leo, na risasi ndefu ikifyatuliwa kwenye chemba fupi mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka. Ukiona michoro kama mawimbi ya maji kwenye chuma, hiyo ni mitutu ya kusokotwa: vipande vya chuma laini na feleji vilivyozungushwa na kufuliwa pamoja mpaka vikawa bomba. Inapendeza mno machoni, lakini kutu inaweza kujificha katikati ya viungo pasipoonekana. Fundi akikwambia itundike ukutani, itundike.

Jambo la pili ni karatasi zako. Sheria ya shirikisho hapa Marekani, kwa jumla, inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha na risasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Kujitengenezea risasi zako mwenyewe, bila kuziuza, hakuhitaji leseni ya shirikisho, ila majimbo na miji ina kanuni zake za kuhifadhi baruti. Piga simu zimamoto wa mji wako kabla hujanunua hata kopo moja.

Sasa ganda. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ukiigawa vipande 12 vilivyo sawa na kuvifanya mviringo, kila kimoja kinaingia sawasawa kwenye mtutu. Ndiyo maana namba ikipanda, mtutu unapungua. Mtutu wa 12 una upana wa karibu milimita 18.5. Ganda la plastiki ni nene, kwa hiyo ndani yake panalingana na mtutu. Ganda la shaba ni jembamba kama bati, na ndani yake ni papana zaidi. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wananunua vizibo, vile viduara vya karatasi au felti vinavyokaa juu ya baruti, vya namba 12 kwa sababu bunduki ni ya 12, kisha vinacheza ndani ya ganda kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kwa shaba nyembamba nunua vizibo vya namba 11 au hata 10. Kizibo kinaingia kwa kubana, kisha mtutu wenyewe unakibana zaidi kinapopita, na moshi haupati pa kupenya.

Kazi yenyewe naifanya hivi. Ganda liwe tupu, safi na kavu. Napachika fataki kwanza, kile kidude kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, kwa kuisukuma polepole mpaka iwe sawa na kitako cha ganda au ndani kidogo. Ikichomoza hata unywele, naiondoa. Maganda mengi ya shaba nyembamba yanatumia fataki kubwa za bastola, na yale mazito yaliyochongwa mengine yanatumia za shotigani, kwa hiyo soma boksi. Ganda lenye fataki nalisimamisha kwenye ubao wenye tundu, ili fataki ikae juu ya hewa na isigusane na meza.

Kwa mwanzo, kwenye bunduki ya 12 ambayo fundi ameipitisha, mimi hutumia baruti greni 70, yaani gramu 4.5 hivi, ya chembe za FFg (alama ya ukubwa wa chembe), na marisawa, yaani punje ndogo za risasi, wakia moja, gramu 28. Zamani kiasi cha kawaida kilikuwa dramu 3 za baruti, greni 82, na marisawa wakia moja na thumuni. Hakuna sababu ya kuanzia huko na bunduki iliyokwisha kula zaidi ya miaka mia.

Baruti nyeusi inapimwa kwa ujazo, na hapa pana jambo zuri ambalo mzee jirani alinionyesha siku ya kwanza: kijiko kinachochota baruti ndicho hicho hicho kinachochota marisawa. Chake alikichonga kutokana na ganda la zamani alilolikata fupi na kulitia mkono wa waya wa shaba. Unachota, unasawazisha mdomo kwa ukingo wa karata ya kuchezea, unamimina. Ukichota na kukitikisa, kitabeba zaidi. Ukichota na kukiacha, kitabeba pungufu. Chagua moja ufanye hivyo hivyo mpaka risasi ya mwisho. Mimi sitikisi.

Baada ya baruti kinashuka kizibo kigumu cha karatasi, unene wa kama milimita 3. Nakisukuma kwa fimbo ya mbao laini, kwa uzito wa kifua changu, mpaka nisikie baruti imekaa. Sauti yake ni kama ya kukanyaga mchanga mkavu, *kruu*, kisha kimya. Kimya hicho ndicho ninachokitaka. Baruti nyeusi haitakiwi kubaki na nafasi ya hewa juu yake. Babu alikuwa anaweka alama kwenye mdeki, fimbo ya kushindilia gobore, kwa sababu hiyo hiyo: mdeki ukisimama juu ya alama, kuna kitu hakijakaa chini.

Kisha kizibo kinene cha felti, nilichokipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Kazi yake ni kupokea kishindo na kulainisha masizi. Kisha marisawa. Kisha karatasi nyembamba juu, na duara la gundi kuzunguka ukingo. Nakuja kwenye gundi hapa chini, maana imenifundisha.

Andika kwenye boksi tarehe, aina ya baruti na vipimo. Siku ileile, usisubiri kesho.

*Fundi, baruti nyeusi ni adimu madukani huku kwetu, lakini ya kisasa ipo tele. Nikiipima kwa kijiko kile kile, kuna ubaya gani? — Msomaji, Dallas, Texas*

Kuna ubaya wa kupoteza mkono, au macho, au mtu aliyesimama kando yako. Usifanye. Nakuomba ukimaliza kusoma safu hii umsomee na mwenzako yeyote anayeshindilia.

Hiyo ya kisasa, baruti isiyo na moshi, ni kitu kingine kabisa, asili yake nitroselulosi. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti (salfa), na zaidi ya nusu yake haigeuki hata kuwa hewa. Inabaki masizi na moshi mweupe unaonuka yai viza. Ndiyo maana kwenye risasi ya kawaida ya leo ya wakia moja, baruti ya kisasa huwa ni kama greni 17 hadi 20 tu, na kwenye risasi yako ya baruti nyeusi ni 70. Kijiko chetu kikijaa baruti ya kisasa kinapita kiasi kwa mbali, na nyingine ni nzito sana kwa ujazo, hivyo huwezi hata kubashiri imepita kwa kiasi gani. Mtutu utapasuka, na utapasuka pale mkono wa kushoto unapoushika.

Wengine wanadhani watazitofautisha kwa macho. Baruti nyingi za kisasa zimepakwa grafiti, zina weusi unaong'aa kama zetu. Kwangu kanuni ni hii: juu ya meza hukaa kopo moja la baruti, la aina moja, na halihamishwi kwenda kopo jingine hata kama lake limebonyea. Kopo lisilo na jina, hata nikikumbuka vizuri niliweka nini, yaliyomo nayatandaza nje kwenye nyasi na kuyamwagia maji mengi.

Ukikosa baruti nyeusi zipo mbadala zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki hizi, kama Pyrodex, nazo hupimwa kwa ujazo. Fuata maelekezo ya kopo lenyewe. Ila kumbuka baruti nyeusi halisi inashika moto kirahisi kuliko hizo zote. Vaa pamba, acha sweta ya nailoni. Tumia faneli na vifaa vya shaba. Simu na sigara vibaki ndani ya nyumba.

*Kaka Fundi, mambo mawili. Kwanza, nikifyatua mtutu wa kulia, marisawa ya kushoto yanamwagika. Pili, nikipiga karatasi kwa hatua 25, katikati panabaki tundu tupu kama mkate wa kumimina uliokatwa kati. — Msomaji, Louisville, Kentucky*

La kwanza nalijua kwa uchungu. Novemba moja nilikuwa shambani kwa rafiki, baridi imeshika. Nikafyatua wa kulia, nikakosa. Nikainamisha bunduki kidogo nipumue, nikasikia kama mvua ya mawe kwenye ngozi ya kiatu. Nilipotazama chini, marisawa yalikuwa yametanda juu ya majani. Kishindo cha mtutu wa kwanza kilikuwa kimeling'oa karatasi la mtutu wa pili. Nilikuwa nimetumia gundi ya kuyeyusha kwa moto, ambayo ikipoa sana inakuwa ngumu na kuachia shaba kama ngozi ya ndizi.

Tangu siku hiyo nasugua sentimita moja ya mdomo wa ganda, kwa ndani, na kitambaa chenye spiriti, maana alama ya kidole tu inatosha kuiharibu gundi. Natumia silikati ya sodiamu, ile wanayoiita glasi ya maji. Inapakwa kwa brashi ndogo kuzunguka ukingo, inakauka kama kioo, na bunduki ikilia inavunjika vumbi bila kuacha utando kwenye mtutu. Nayaacha maganda yamesimama usiku kucha. Karatasi likae chini ya mdomo kwa milimita 4 au 5, ili gundi ipate ukuta wa kushika. Asubuhi nalichukua kila ganda, nalitikisa karibu na sikio. Likicheza, linarudi mezani.

Na nikifyatua mtutu mmoja nikaurudia huo huo bila kuugusa wa pili, ganda la wa pili nalitoa nilitazame. Karatasi likiwa limesogea na marisawa yameshuka mbele, ukafyatua hivyo, umefyatua kizuizi ndani ya mtutu wako mwenyewe.

La pili, tundu la katikati. Baruti yako ni nyingi kuliko marisawa, au karatasi la juu ni nene mno na marisawa yanagongana nalo yakitoka. Punguza baruti greni 5, upige tena karatasi jipya. Usiongeze marisawa mpaka umejua baruti inafanya nini. Bunduki ya zamani isiyobana mdomo inapendelea baruti kidogo kuliko unavyodhani.

*Shikamoo Mzee. Babu yetu ameacha gobore na kibali chake. Nasikia maganda ya shaba yanajazwa tena na tena. Je, tunaweza kubadili tukatumia hayo, na baruti tukatengeneza wenyewe kama wazee wa zamani? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mjukuu. Poleni kwa msiba.

Gobore hushindiliwa kutoka mdomoni. Halina pa kuweka ganda, na halifunguki nyuma. Kulifungua nyuma ni kutengeneza bunduki nyingine kwa chuma kisichostahimili.

Hilo ni la ufundi. La sheria ni zito zaidi. Kibali kilikuwa cha babu, hakirithiwi kama shamba. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini yake kumiliki bila leseni ni kosa, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Nendeni kituo cha polisi na mwenyekiti wa mtaa, mlitoe taarifa gobore hilo kabla halijatolewa taarifa na mtu mwingine.

Kuhusu kutengeneza baruti, sitakuandikia namna wala sitakuelekeza kwa mtu. Nilikuwa na miaka tisa nilipoona mtu wa kijiji cha jirani analetwa kwa baiskeli, mkono umefungwa kwa kanga. Alikuwa anatwanga kwenye kinu. Vidole viwili havikupatikana.

Lakini historia uliyoigusa ni ya kweli, na ni vizuri uijue. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini ya ikweta. Ulichoacha upenyo, tena kwa masharti, ni gumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Wakati huo huo Ulaya na Marekani maganda ya shaba yalikuwa bidhaa ya dukani. Kwa hiyo babu zetu walibaki na mdeki si kwa sababu ya ujinga wao. Mlango ulifungwa kwa makusudi.

*Fundi, mimi si mpiga bunduki. Mume wangu akirudi uwanjani anaosha maganda yake kwenye sinki la jikoni. Yananuka, na nina watoto wawili wadogo. Anasema ni sabuni tu. Nani ana haki? — Dada wa Columbus, Ohio*

Wewe, dada yangu. Umpe asome hapa.

Shemeji, maganda yako yana masizi ya baruti, na fataki nyingi zina madini ya risasi. Vumbi lake linakaa kwenye sponji, kwenye sinki, kwenye sahani ya mtoto. Madini ya risasi yanaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na hayaonekani wala hayana ladha ya kumwonya. Marisawa yenyewe ni hayo hayo. Ndege wa majini waliokuwa wakiyameza waliumia kiasi kwamba tangu 1991 marisawa ya risasi yamepigwa marufuku nchi nzima kwa kuwinda bata na mabata bukini. Ukienda huko na bunduki ya zamani tumia ya bismuthi, kamwe si ya chuma kigumu, yatakwangua mtutu wako. Bismuthi ni nyepesi kidogo, kwa hiyo kijiko kile kile kitabeba uzito pungufu.

Namna ya kuosha ni hii. Chukua galoni ya plastiki yenye mdomo mpana, weka maji na sabuni ya vyombo, uende nayo uwanjani. Kila ganda likipoa, litumbukize humo humo. Ukifika nyumbani masizi yameshalegea. Kaa nje au gerejini, toa fataki zilizokufa kwa msumari butu, sugua kwa brashi ya chupa ambayo haiingii jikoni milele, suuza kwa maji ya moto, tandaza yakauke. Nawa mikono mpaka viwiko kabla ya kumshika mtoto, na nguo zako zifuliwe peke yake.

Ukitaka yang'ae, fanya kama mama zetu wa pwani wanavyosugua sinia za shaba: ndimu. Maji ya uvuguvugu, ndimu mbili, dakika kumi, basi. Usiyalaze humo usiku. Ukiona shaba inageuka rangi ya waridi, zinki iliyochanganywa nayo inatoka na ganda linadhoofika. Usiguse dawa yoyote yenye amonia. Jeshi la Waingereza kule India liliona maganda ya risasi zake yakiingia nyufa yenyewe wakati wa masika, hazijafyatuliwa. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, na amonia ya mikojo yao ndiyo iliyokuwa ikiila shaba.

Kisha litazame kila ganda mdomoni kwenye mwanga. Ufa unaanza kama uzi wa nywele, karibu na pale gundi ilipokuwa. Pitisha ukucha, ukikwama, ganda hilo limemaliza safari, libonyeze kwa jiliwa asije mtu akalijaza. Mengine yangu nimeyajaza zaidi ya mara thelathini.

Na sinki, shemeji, lisugue leo wewe mwenyewe, mara mbili, utupe hiyo sponji.